Shemeji Anataka Kulivua Gamba Gari la Mume Wangu

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, na unisamehe nikizunguka kabla ya kufika, maana jambo lenyewe ni gari na mimi ni fundi cherehani. Mume wangu, aliyekuwa fundi bomba, alifariki mwaka jana baada ya kuugua kwa muda mfupi, akaniachia nyumba, binti mmoja ambaye sasa ana kwake, na gari ambalo halijaisha. Ni la zamani, alilinunua kwa daktari wa meno aliyestaafu, na kwa juu lina sura ya gari la mashindano, fupi na pana, lakini hilo ni gamba la faiba tu, chini yake kuna chasisi na injini ya kigari kidogo cha bei rahisi, kile ambacho zamani kila mwalimu alikuwa nacho. Majirani waliliita beseni, wakawa wanamuuliza, "Fundi, leo unafua nini?" naye anajibu, "Beseni gani lina taa mbele?" huku anaendelea kupiga msasa.

Nilianza kumsaidia kwa sababu faiba ni kitambaa, unakata mkeka wa nyuzi za kioo kwa umbo la sehemu iliyopasuka, unaulaza, unaupaka gundi yake, ukikauka unakuwa mgumu kama kigae. Yeye mikono yake ilizoea mabomba, kona alikuwa anazikata ovyo mpaka zinajikunja, nikamnyang'anya mkasi nikamwonyesha kupunguza pindo kama ninavyofanya kwenye kola, akasema, "Basi wewe gamba, mimi nati." Jioni alikuwa anakunywa chai amekaa ndani ya gari wakati halina sakafu, miguu iko kwenye vumbi, ananiita nikae pembeni yake tusafiri.

Baada ya msiba sikuligusa. Halafu rafiki yake makanika, tunamwita Spana, akaomba amalizie injini, akaichukua kwenda gereji kwake, na mafundi wenzake wakawa wanasema "gari la marehemu", kwa kufupisha wakabaki na "marehemu", nami nikazoea kusikia marehemu anavuja oili, marehemu kaziba kabureta. Sasa siku ya kikao cha familia, shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, anazungumza, simu yangu ikaita, nikabonyeza vibaya ikatoa sauti kubwa, na Spana anapiga kelele, "Dada, marehemu ameamka! Anakohoa kidogo tu, nimempa petroli!"

Wifi yangu aliangusha kikombe. Mimi nikacheka, mshauri, nilicheka mpaka nikalia, mara ya kwanza tangu tumzike, na shemeji akasimama akasema, "Shemeji, mjane hachezi na jina la mumewe."

Tangu hapo anataka gari livuliwe gamba, achukue chasisi na injini atengeneze kigari cha kubebea kreti za soda za duka lake, eti jasho la mdogo wake lizae kitu badala ya kuwa kichekesho. Binti yangu anasema gari ni langu, nifanye ninavyotaka. Lakini naogopa kuonekana mjane asiye na haya, kwa hiyo mlango wa kulia wa gari nautengenezea katika chumba changu cha kushonea, nimefunga kila dirisha watu wasisikie harufu ya gundi, kichwa kinaniuma ila moyo unatulia. Je, namkosea mume wangu? Nimpe shemeji ili pawe na amani? Mimi hata kuendesha sijui.

Wako,
Fundi wa Gamba

*

Fundi wa Gamba,

Pole sana na msiba. Sasa nenda kafungue dirisha, halafu urudi uendelee kusoma. Gundi ya faiba ina mvuke unaodhuru mapafu na inashika moto upesi, na wewe umejifungia nayo pamoja na vitambaa vya wateja! Unamwogopa shemeji kuliko moto? Kuanzia leo kazi hiyo ifanyike nje, penye hewa, ukiwa na glavu na barakoa ya mafundi rangi, si kipande cha kanga puani.

Hukumcheka mumeo. Ulifurahia injini iliyowaka, na mtu aliyewajibu majirani vile angecheka kabla yako. Hata hivyo mwambie Spana kwamba mbele ya wakwe aseme "gari". Nyinyi mmezoea, wenzenu bado wanaumia.

Shemeji mwenyewe nimemfikiria sana. Mwenye duka hakosi njia ya kubeba kreti. Nadhani naye anataka kitu alichokishika mdogo wake, ila hajui kukiomba bila kukibomoa. Naweza kuwa nimekosea, lakini ipo kazi ya kumpimia. Kabla hujaongeza hata mkeka mmoja kwenye mlango huo, gamba linyanyuliwe, chasisi ikaguliwe. Faiba haishiki kutu, inabaki inang'aa huku chuma chini yake kinaoza. Na gamba likinyanyuliwa na watu wawili linajipinda na kupasuka, linataka mtu kila kona. Mpigie shemeji umwambie, "Kaka, Jumamosi tunanyanyua gamba, nahitaji mtu wa kona ya nyuma." Usiongeze neno. Akija, mpe kona ashike, mpe na chai. Asipokuja, au akija na bado anaitaka chasisi, mjibu, "Hapana, kaka, ninalimalizia." Usibishane naye, wala usiombe radhi.

Chuma kikikutwa kimeoza, msikitie viraka. Spana atafute chasisi nzima ya kigari kilekile. Na gari lipite ukaguzi kabla halijagusa barabara.

Limebaki lile ulilolitupa mwishoni kana kwamba ni jambo dogo. Hujui kuendesha? Jifunze. Hukunyang'anya mkasi ili gari likiisha umtafute dereva. Jiandikishe shule ya udereva wiki hii hii, na mwalimu akikuuliza kama una gari la kufanyia mazoezi, mwambie ukweli: unalo, ila kwa sasa halina mlango mmoja.