Tisheti Zako na Vitambaa Vyangu

Mume wangu mdogo Elia, mjukuu wangu,

Amani ya Bwana ikukute huko Columbus. Sisi hapa Buffalo tuko wazima. Babu yako amepata kazi ya mchana, na jana nimepata sombe nzuri, yale majani ya muhogo, Grant Street, nikakukumbuka.

Unaniuliza kama ni aibu kuandika maneno ya mashairi yako kwenye tisheti na kuziuza, ili upate pesa ya kuchapisha kitabu.

Bon, sikia. Nikiwa msichana kule Uvira nilitunga nyimbo za kwaya. Kwaya yetu haikuwa na sare, donc nikashona vitambaa vya kufunika viti, kila kimoja na mstari wa wimbo wangu, nikavipeleka sokoni ili tupate pesa ya sare. Wasichana wenzangu wakanicheka: "Ee dada, leo Haleluya inauzwa kando ya ndagala?" Kidogo nivirudishe nyumbani.

Mama mmoja muuza samaki, ambaye hakujua kusoma, akashika kimoja. "Uzi ni mzuri. Kinasema nini?"

Nikamsomea.

"Halafu? Wimbo hauwezi kuishia hapo!"

Nikamwimbia wote, palepale kwenye samaki. Akapiga makofi, na wale walionicheka wakaitikia. Jumapili alikuja kanisani, akakaa mbele kabisa: "Nimefuata wimbo wangu."

Basi uza, mume wangu, Mungu akubariki. Chagua tu mstari unaomwachia mtu hamu. Mimi nitumie tisheti kubwa, mwili huu unaujua. Nitaivaa juu ya koti, hata theluji ikianguka.

Bibi yako akupendaye