Dada, Sijafa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi mdogo wako nina miaka sabini na minne. Nimeivuka ndui, surua, kipindupindu mara mbili, mafuriko yaliyobeba nyumba ya baba, na fundi mmoja aliyeapa mbele ya watu kwamba atanizika. Yeye nilimzika mimi, tena nikamchomelea uzio wa kaburi. Naanza hivyo ili ujue anayekuandikia ni mtu mzima mwenye damu, si mzimu. Habari zilizokufikia huko, ati nimekufa kwa kirusi hiki kipya na nimezikwa na watu waliovaa mifuko ya plastiki, ni za uongo. Leo hii nimekula, tena nimeongeza.

Je, u hali gani? Magoti yanasemaje baridi hii? Wanao na wajukuu wanaamka salama? Sisi huku tu wazima, na wifi yako ni mzima, na hiyo ndiyo habari kubwa kuliko ya kwangu. Lakini acha niende taratibu, maana wewe ndiye uliyenifundisha kwamba barua haianzi na mkia.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Binti yako anasema ukiishika simu unasikia mvumo tu, na mimi habari za kufa na kupona siwezi kuzipigia kelele mtaa mzima ukisikia. Binti yangu naye alitaka kuniandikia kwa mwandiko wake mzuri, nikamwambia mkono ulioshika chuma maisha yote hautashindwa na kalamu. Mistari ikipanda mlima utanivumilia.

Sasa habari yenyewe. Kirusi hiki kilipoanza kutajwa redioni kilikuwa cha mbali, cha watu wanaopanda ndege. Kisha kikawa cha hospitali kubwa. Kisha asubuhi moja gari lenye kipaza sauti likapita hapa kwetu likisema tukae mbalimbali, tufunike midomo, tunawe mikono, na mwenye homa, baridi ya kutetemeka na kikohozi asijichanganye na watu. Kiwewe kikaingia. Sabuni ikaisha dukani. Mama mmoja hapa nyuma alimpokea shemeji yake aliyetoka safari kwa kumnyooshea mpini wa ufagio badala ya mkono, na shemeji akaushika, wakasalimiana hivyo. Kila mtu akawa mganga. Huyu anasema vitunguu, huyu mvuke, huyu anasema kirusi hakipendi jua, mwingine anasema hakipendi maskini, kwa hiyo sisi tulale tu.

Aliyezidi ni jirani yangu kinyozi, ambaye kibanda chake kinatazamana na karakana yangu. Alivaa barakoa mbili, moja juu ya nyingine, na mteja akikaa kitini anaambiwa asipumulie upande wake. Mimi nikampa jina la Bibi Harusi. Kila nikipita nilimuuliza kama bwana harusi kafika au bado yuko njiani. Naye hakunyamaza, unajua vinyozi. Alinijibu kwamba kuni zilizo uchagani huwa zinazicheka zilizo jikoni. Nikamwambia mbele ya wateja wake kwamba mapafu yangu yamekula moshi wa chuma tangu yeye hajazaliwa, kirusi kikijitia humo kitatoka chenyewe kinakohoa. Watu walicheka mpaka mmoja akakatwa nywele vibaya. Sifa ile ikaninogea, dada, sikufichi. Nikaapa hadharani kwamba barakoa sivai, mikono nanawa nikitaka kula, na asiyependa asinisogelee.

Lakini wifi yako unamjua. Kifua chake hakijawahi kumtii. Pumu ile ile ya tangu ujana, hewa ikibadilika kidogo tu anakaa kitandani anavuta pumzi kama mtu anayepandisha gunia ghorofani. Kliniki walimwambia waziwazi kwamba ugonjwa huu ukimwingia yeye, kupona ni bahati. Nilikuwepo akiambiwa. Nilitoka nje nikajifanya naangalia kama tairi la baiskeli lina upepo. Yeye hakunigombeza kwa maneno yangu ya barazani. Alinishonea barakoa kwa kitambaa cha gauni lake la zamani, akaniomba niivae. Niliitia mfukoni, na humo ikakaa.

Basi siku ya tukio nilikuwa na kazi ya mabomba ya zinki. Nilifunga mlango na dirisha la karakana kwa sababu ya vumbi, ndivyo nilivyomweleza daktari baadaye, nikachomelea tangu asubuhi mpaka jua linakaribia kuzama. Nikarudi nyumbani nimechoka lakini mzima. Nikaketi na wifi yako tukala kwenye sahani moja kama tulivyozoea. Kabla hatujamaliza, mwili ukaanza. Kwanza baridi, ile ya kugonganisha meno. Kisha kichwa, kisha kifua kikabana kama chuma kilichokazwa kwenye jiliwa la karakana, kisha kikohozi. Maneno ya lile gari la kipaza sauti yakanipita masikioni moja baada ya jingine, na kila moja lilikuwa langu. Nikatazama, mkono wa wifi yako bado uko ndani ya sahani yetu.

Nilivuta blanketi nikaenda karakana, nikajifungia kwa ndani. Yeye akaja nyuma yangu polepole, nikamkemea kupitia kwenye mabati ya ukuta asisogee hata hatua. Akauliza nina nini. Nikasema nina kazi. Akasema hajawahi kuona fundi anayekwenda kazini na blanketi. Basi ikabidi nimwambie. Akaenda kuomba kigoda kwa kinyozi, akakaa ng'ambo ya njia, akauliza kama nimejifunika vizuri. Nilimwambia arudi nyumbani, umande haumfai. Akasema nyumbani hakuna mtu wa kugombana naye. Binti yetu ndiye aliyekuja kumchukua, naye alikubali kwa shingo upande.

Asubuhi homa ikawa imeshuka, nikaanza kujisifu moyoni kwamba kirusi kimekutana na Mzee Chuma kikajuta. Ndipo nikamsikia huko nje. Alikuwa amerudi kwenye kigoda chake, na alikuwa anakohoa.

Dada, nimesikia nyundo na grainda maisha yangu yote, sijapata kusikia sauti iliyoniumiza kama kikohozi kile. Kikija nahesabu kimya kinachofuata, nasubiri avute pumzi. Nilikaa chini, mgongo kwenye mabati, nikasema maneno mengi humo ndani ambayo si ya kuandikwa. La kuandikwa ni moja tu, kwamba nilimwomba Mungu kama ni lazima achukue mtu, basi amchukue mwenye mdomo, amwache mwenye kifua.

Kinyozi ndiye aliyewaita watu wa afya. Tena ndiye aliyemwekea wifi yako mwavuli wa kibanda chake asipigwe na jua, na barakoa yake moja akampa, mpya. Lakini ndiye pia aliyeniua. Mteja alimuuliza niko wapi, akasema mzee yuko ndani hatoki. Huyo akaenda kusema mzee hasemi. Wa tatu akasema mzee amekwisha. Nadhani iliyokufikia wewe ilikuwa ya nne au ya tano, ndiyo maana ikawa na mazishi.

Watu wa afya walikuja wamevaa mavazi ya plastiki mwili mzima, wakiongozwa na msichana daktari wa kliniki, wakatuchokoa pua, mimi na wifi yako, kila mtu mahali pake, wakaenda na vipimo vyao. Mimi nilitulia kama nguzo. Binti yangu anasema nilimng'ang'ania daktari mkono nikawa simwachii, lakini binti yangu hupenda kukuza mambo.

Kusubiri majibu sitaki kukusimulia. Chakula kiliwekwa mlangoni, nami nikakiangalia tu. Wifi yako akikohoa nakohoa na mimi, ili ajue bado nipo.

Hatimaye daktari akarudi, yule msichana, umri wa mjukuu wako mkubwa, na nilipochungulia kwenye tundu la mabati nikaona anatembea bila haraka na hana lile vazi la kutisha. Akasema hatuna kirusi, si mimi wala mama. Kikohozi cha mama ni pumu yake aliyoichokoza mwenyewe kwa kukaa nje, akapewa dawa ya kuvuta, akatulia. Nilimwomba aseme tena. Akasema tena. Nikamwomba amwambie na kinyozi, kwa sauti.

Kisha akaniuliza siku ile nilikuwa nachomelea nini. Nikasema mabomba ya zinki. Akauliza wapi. Nikasema ndani, mlango umefungwa, kwa sababu ya vumbi. Akauliza kama mdomo ulikuwa na ladha ya utamu wa chuma, kama mtu aliyelamba sarafu. Jibu nililijua kabla hajamaliza kuuliza. Ilikuwa homa ya moshi wa zinki. Inakuja jioni, inakutikisa, inaondoka. Niliiugua nikiwa kijana ninayejifunza kazi, na kila niliyemfundisha nimemwonya asichome zinki ndani bila hewa. Kuna mmoja nilimfukuza kwa hilo hilo. Na mimi mwenyewe nilivuta moshi ule mweupe kutwa nzima, na ulipopanda kichwani sikulikumbuka hata jina lake. Hofu ya mtaa ilikuwa imeshanijaza, homa yoyote ingekuja ningeita kirusi. Daktari alinionya kwamba moshi huo nao unaua, nisicheze nao.

Nilipofungua mlango, wifi yako aliingia, akanitazama juu mpaka chini, akasema blanketi lile lichomwe moto. Ndiyo pole yake hiyo. Kinyozi naye akaja mlangoni akasema kumbe maiti anahitaji kunyolewa, ndevu zimemjaa. Nilikaa kwenye kiti chake akaninyoa bure, na wateja wakanisalimia mmoja mmoja kama mtu aliyetoka ng'ambo. Sijui lini nimecheka namna ile, mpaka machozi. Sema machozi mengine hayakuwa ya kicheko.

Sasa, dada, hapa ndipo nilipokuwa nakuja tangu mwanzo. Wewe ulinilea, na ukifa nalo si neno, lakini lisitoke. Vumbi halikuwepo siku ile. Hewa ilikuwa safi kabisa. Mlango niliufunga ili kinyozi asinione.

Nilichokuwa natengeneza ni stendi ya kunawia mikono. Ya kukanyaga kwa mguu, maji yanatoka, sabuni inatoka, hugusi kitu kwa mkono. Tangu siku ile ya kliniki, nilipokuwa naangalia tairi, sikupata usingizi mzuri. Mchana natukana kirusi barazani, na kila nikimkaribia wifi yako naona mikono yangu. Nilitaka kuiweka mlangoni kwetu, kila anayeingia kwake anawe, kisha niseme ni kazi ya mteja aliyeshindwa kuja kuichukua. Kwa njia hiyo yeye angepata kinga, na mimi ningebaki na mdomo wangu. Niliona heri moshi kuliko kicheko cha Bibi Harusi. Kumbe moshi huo nusura unipeleke, na kibaya zaidi, ndio uliomtoa wifi yako kwenye kitanda chake ukamkalisha kwenye umande.

Nilikuwa naogopa. Neno hilo naliandika mara moja tu, usitegemee kulisoma tena kwenye barua yangu.

Stendi nimeimalizia nje, kwenye hewa, watu wakipita. Nilipoileta nyumbani nilimwambia wifi yako ile ya mteja. Alikanyaga, maji yakatoka. Akauliza mteja gani huyo mwenye mguu mdogo kama wake. Maana kikanyagio nilikipima kwa kiatu chake, na kiatu hicho alikuwa amekitafuta siku nzima akidhani mbwa amekichukua. Alinawa, akajifuta, akanawa tena bila sababu.

Kinyozi ameagiza ya kwake. Nimemwambia atasubiri zamu. Barakoa ya gauni naivaa siku hizi, na anayeniuliza namwambia nimeipenda rangi yake.

Dada, ugonjwa wenyewe bado uko, usinisikie nacheka ukadhani umekwisha. Hapa kwetu wapo waliolazwa kwa kweli, na ng'ambo ya soko kuna nyumba imefungwa mlango. Nawe, nakuomba, usiwape mikono wageni wa safari hata kama ni jamaa, wape mpini wa ufagio. Madirisha yafunguliwe. Wasalimie wanao wote, na yule aliyekuletea habari za mazishi yangu mwambie namsalimia sana mimi mwenyewe. Wifi yako anakusalimu, anasema ukipata nafuu ya magoti uje umsaidie kunigombeza, peke yake amechoka.

Ukiwa na shaka na haya niliyoandika, mashahidi wapo. Ya homa na kipimo, muulize yule msichana daktari wa kliniki. Ya kufa kwangu, muulize kinyozi, ndiye aliyekitangaza kifo na ndiye aliyekifuta. Jinsi nilivyokuwa jasiri humo karakana, muulize yeyote isipokuwa wifi yako, maana alikaa nje ya mabati, na mabati yale ni membamba.

Ni mimi mdogo wako niliye hai,

Mzee Chuma