Nilibadilisha Mtama wa Kuku wa Utafiti

Bi Mwaisha, shikamoo.

Nimeanza barua hii mara nne na kuichana, na hii ya tano naiandika haraka kabla moyo haujabadilika, kwa hiyo nisamehe mwandiko. Majina ya watu nimeyabadili na mahali ninapofanya kazi sitapataja, ila ni hapahapa Morogoro, na tafadhali jina langu usilitoe.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina miaka arobaini na mmoja, mhudumu wa banda la kuku katika kituo kimoja cha utafiti, kazi ninayoifanya mwaka wa kumi na sita sasa, kulisha, kunywesha, kubadilisha maranda, kupeleka nafaka mashineni, na sijawahi kupewa barua ya onyo hata moja. Mume wangu alikuwa kiwandani, kiwanda kikauzwa, wenyewe wapya wakafunga geti wakasema watawaita, na huu ni mwaka wa pili hawajaita mtu.

Mwaka huu kituoni kwetu alikuja mwanafunzi, binti nitakayemwita Yuliana, kwao Bukoba, anasomea shahada ya pili ya mifugo, na utafiti wake ulikuwa wa mtama. Alitaka kujua, kwa kuwa ruzuku imeondolewa na mbolea ya chumvichumvi wakulima hawaiwezi tena, je, mtama uliolimwa kwa samadi tu ukilishwa kuku wa nyama watakua sawa na wanaokula mtama wa mbolea ya dukani? Akampata mkulima mmoja, Mzee Yunusi, kijiji kilicho chini ya milima upande wa Mlali, mzee na mkewe wakabeba samadi ya mbuzi kichwani msimu mzima, wakavuna mtama mweupe, punje nene, ukaletwa kituoni ukawekwa stoo karibu na mlango, na ule wa mbolea ya dukani ukawekwa ukutani kule ndani. Vifaranga wakagawanywa mabanda mawili, hawa wale huu, hawa wale ule. Ufunguo wa stoo ninao mimi.

Wiki mbili za kwanza kuku walilingana kabisa, Yuliana akiwapima huku anaimba, lakini mshahara ulikuwa umekwama, mwezi wa kwanza tukavumilia, wa pili tukaambiwa hazina haijaleta, na nyumbani ikawa uji asubuhi na uji jioni, yule mdogo akaacha hata kulia akawa anakaa tu mlangoni ananitazama, na mimi siku nzima nashika nafaka kwa mikono miwili nawamwagia kuku. Bi Mwaisha, nilichota. Siku ya kwanza nilichota sufuria moja nikaifunika kanga kwenye kikapu, na watoto walivyokula nikasema basi, sirudii, nikarudia, mpaka nikawa nabeba kwa debe, na mume wangu nilimwambia kituo kinatugawia mabaki. Nilichukua ule wa Mzee Yunusi kwa sababu ndio uliokuwa karibu na mlango.

Nilipoona magunia yamelegea nikaingiwa na hofu, nikaenda sokoni kwa mfanyabiashara wa Gairo, akaniachia kwa mkopo mtama wa bei ya kutupa, ule mwekundu mchungu wanaopikia pombe, nikaujaza kwenye magunia ya Mzee Yunusi na kuupeleka mashineni mimi mwenyewe. Yuliana aliuona unga akaniuliza, "Mama, mbona umekuwa mwekundu?" Nikamwambia, "Ni mashine, mwanangu, walisaga ulezi kabla yetu." Akasema, "Aa, haya mama." Basi. Kuanzia wiki ya tatu banda la samadi lilikula mtama wa pombe.

Kuna Jumapili alikuja kunisalimia nyumbani, sikuweza kumwacha aondoke na njaa, nikamsongea ugali na mlenda, akala, akalamba vidole, akasema, "Mama, huu mtama mtamu, umeupata wapi?" Nikasema Gairo. Huyo binti ananiamkia kila asubuhi kabla ya kumwamkia mtu mwingine yeyote, na mimi nilimlisha utafiti wake mwenyewe nikamdanganya huku namtazama usoni.

Wiki ya nne kuku wa samadi wakawa wadogo, wiki ya sita ilikuwa aibu, manyoya hayajajaa, miguu kama njiti, na wale wa upande wa pili wanapata shida hata kutembea kwa unene. Yuliana alipima mara mbili akidhani mizani imeharibika, kisha akakaa juu ya ndoo akalia, nami nimesimama pale na fagio. Mwalimu wake akaja akasema takwimu hazidanganyi, aandike alichokiona.

Kilichonimaliza ni siku Mzee Yunusi alipokuja na basi kuwaona kuku. Alivaa kanzu safi. Akauliza, "Hawa ndio waliokula mtama wangu?" Yuliana akaitikia kwa kichwa tu. Mzee akaingia, akamshika kuku mmoja, akampapasa kifua, akamweka chini taratibu kama kitu kitakachovunjika. Akasema, "Basi samadi yangu mbovu. Na nimewaambia kijiji kizima wachimbe mashimo ya samadi. Nitawaambia waache." Akanigeukia akaniambia, "Asante mama kwa kuwatunza." Nikaenda nyuma ya banda nikatapika.

Sasa wiki tatu zijazo Yuliana anasoma matokeo yake mbele ya walimu na wakulima walioalikwa, itasemwa samadi inadumaza kuku na itaandikwa kitabuni. Na mwisho wa mwezi huohuo inabandikwa orodha ya watakaopunguzwa kazini. Nikisema, nimejiandikisha mwenyewe kwenye orodha, na pengine polisi juu yake, na watoto watakula nini? Nikiona gari la utawala linapita najificha bandani, hata kuku wakinyamaza ghafla nadhani kuna mtu amesimama nyuma yangu. Nimewaza kuacha mlango wa stoo wazi ili ionekane wezi waliingia. Nimewaza kuacha kazi nirudi kwetu Matombo nisionekane tena. Nimewaza na mengine ambayo sitayaandika. Debe moja la mtama wa mzee bado liko chini ya kitanda changu, siwezi kulipika na siwezi kulirudisha.

Naomba uniambie la kufanya. Ninaogopa sana.

Mama wa Bandani, Morogoro

*

Mama, marahaba.

Majibu haya nimeyatuma kwanza kwa posta, kwenye anwani ya jirani uliyoiweka, kwa sababu jambo lako haliwezi kusubiri zamu yake gazetini.

Naanza na hayo "mengine" usiyoyaandika, maana nimeyaelewa. Yaache. Watoto wanne waliokosa unga bado wana mama. Leo hii, kabla hujaenda popote, mwambie mumeo yote, ukianzia na yale "mabaki" mnayogawiwa. Mtu akibeba mzigo kama huo peke yake ndipo mawazo mabaya yanapopata pa kukaa.

Njaa naijua, mama. Nimelelewa na mjane, na sitakaa mbele ya kalamu nikuhubirie kwamba mzazi amtazame mtoto anakauka mlangoni huku ameshika mtama mkononi. Ungekomea hapo, ningekuambia rudisha ulichochukua, omba radhi, yaishe. Lakini wewe hukuishia kwenye sufuria. Ulinunua mtama wa pombe ukaupa jina la Mzee Yunusi. Ulimtazama akimpapasa kuku yule, akajilaumu mbele yako, akakushukuru, nawe ukanyamaza. Hapo hukuwa na njaa. Hapo ulikuwa na woga, na woga wako umemvua mzee wa watu heshima yake kijijini.

Na huo mpango wa mlango wazi usinirudie nao tena! Stoo ikiibiwa anakamatwa nani? Si mlinzi? Umepata kumuuliza ana watoto wangapi?

Unasema ukisema utafukuzwa. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba ukweli unalipa mshahara. Ila tazama upande wa pili. Kikiandikwa kitabuni kwamba samadi inadumaza kuku, mabwana shamba watakibeba mpaka Gairo na Dakawa, na mkulima asiye na uwezo wa mbolea ya dukani ataambiwa na ile ya zizini kwake haifai. Atabaki na nini? Hao wote watakula uongo wako miaka na miaka baada ya wewe kustaafu.

Fanya hivi. Chukua karatasi uandike, bila kujitetea: siku uliyoanza kuchota, siku uliyonunua mtama mwekundu, wiki ulipoanza kulishwa kuku. Mimi si mtaalamu wa kuku, lakini wewe mwenyewe umesema wiki mbili za kwanza walilingana. Binti yule anahitaji kulijua hilo kuliko anavyohitaji machozi yako. Nenda kwake mchana, peke yako, na karatasi hiyo na hilo debe. Usianze kwa kulia, kwa sababu ukianza kulia atakubembeleza, naye ndiye aliyekosewa. Sema, kisha mwache akasirike. Akikutukana, pokea.

Halafu mfuatane kwa mwalimu wake, kabla ya ile siku ya wakulima, siyo baada. Kama kituoni kuna tawi la chama cha wafanyakazi, mwombe kiongozi wake asimame nawe, maana mishahara iliyokwama nayo ni sehemu ya habari hii na lazima itajwe.

Mwisho nenda kwa Mzee Yunusi. Usitume barua wala mtu. Panda basi uende kwa miguu yako, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Hilo ndilo utakaloliogopa kuliko yote, na ndilo usiloweza kuliruka.

Nenda kesho.

Bi Mwaisha

*

Baada ya wiki tano mama huyu aliniandikia tena. Kwa ruhusa yake nazichapa barua zote pamoja.

Bi Mwaisha, shikamoo.

Sikwenda kesho yake. Nilikwenda siku ya nne, nikiwa nimeshamwambia mume wangu yote, naye akanisindikiza mpaka getini. Yuliana hakupiga kelele. Alisoma karatasi, akafungua daftari lake la mizani, akaweka kidole kwenye wiki ya tatu. Kisha akasema, "Mama, mimi nimeandika kwamba samadi inadumaza kuku. Nimeandika kwa mkono wangu." Akabeba debe akatoka. Asubuhi yake hakuniamkia, na mpaka leo hajaniamkia.

Mwalimu wake alinipigia meza, akasema angeweza kuniitia polisi palepale. Kiongozi wetu wa chama akamwambia aite, na akishawaita awaeleze pia kwamba mhudumu wake alikaa miezi miwili bila mshahara. Polisi hawakuitwa. Mkutano wa wakulima ukaahirishwa, Yuliana ataanza upya na vifaranga wengine kwa mtama uliobaki kwa Mzee Yunusi, amepoteza nusu mwaka kwa sababu yangu.

Orodha ikabandikwa. Jina langu ni la tisa. Tarehe iliyopigwa chapa juu ya karatasi ile ni ya wiki mbili kabla sijasema neno kwa mtu yeyote. Nilikuwa nimeshapunguzwa, Bi Mwaisha, ile siku ninayokuandikia barua ya kwanza na kukwambia naogopa kupunguzwa. Nilisimama pale nikaisoma tena na tena, watu wakanipisha wakidhani nalia, nami sikuwa nalia, sijui nilikuwa nafanya nini.

Kwa Mzee Yunusi tulikwenda na Yuliana, yeye ndiye aliyejua nyumba, tukakaa basi moja viti tofauti. Mzee alitukaribisha, mkewe akatuletea maji. Nilimwambia yote nikiwa nimeinamisha uso. Aliposikia mtama wa pombe akasimama. Nilidhani atanipiga, nikajikunyata. Akatoka nje, nikamsikia anaita jirani yake kwa jina, na mwingine, na mwingine, mpaka uwanja ukawa na watu kama ishirini, wengine na majembe mikononi, ndio wale aliowaambia waache samadi.

Akaniita nje. "Haya, mama," akasema, "waambie hawa uliyoniambia mimi."

Nikabaki nimeshika nguzo ya mlango. Yuliana akatoka ndani akaja kusimama kando yangu, hakunigusa, hakunitazama, alisimama tu. Nikaanza. Nikawaambia kuku hawakula mtama wa Mzee Yunusi, walioula ni wanangu.

Mwanamke mmoja wa nyuma akasema hasikii. Nikapaza sauti.