Kwemkole na Kwefungo Sasa ni Mji Mmoja

Kwemazi, Handeni
Tarehe 9 Juni, 1908

Mpendwa kaka Mhina,

Shikamoo. Habari za Tanga na kazi ya reli? Kifua chako kimepoa? Sisi wazima. Mama anakohoa asubuhi, lakini jembe hajaliacha.

Usishangae jina la mji hapo juu. Mwaka jana akida alileta amri: Kwemkole yetu na Kwefungo tuhame, tukae pamoja kando ya barabara ya Korogwe, chini ya jumbe mmoja. Akawekwa Isihaka wa Kwefungo. Wetu, mzee Mwinjuma, akavuliwa ujumbe. Unajua tulivyogombana na watu wale tangu enzi za babu. Basi wakajenga mashariki, sisi magharibi, katikati nyasi tupu. Hakuna aliyeomba moto kwa mwenzake.

Kiangazi kikatukuta hivyo hivyo. Kila upande ukachimba kisima chake. Sisi tukagonga mwamba. Wao wakapata udongo laini, ila kuta zikawa zinaporomoka, na nguvu zao hazikutosha. Mke wangu Hamisa akawa anatoka alfajiri kufuata maji, anarudi jua la utosi.

Siku moja mzee Mwinjuma akabeba jembe, akavuka zile nyasi. Vijana wetu wakamzuia: "Mzee, unawachimbia waliokunyang'anya ujumbe?"

"Ujumbe wameniondolea," akasema, "kiu hawakuniondolea. Nipisheni."

Akashuka shimoni. Isihaka akamtazama, akavua kanzu, akashuka naye. Sisi tungebaki tumekaa? Tukakata magogo ya kuzuia kuta, wanawake wakapokezana vikapu vya udongo, mpaka maji yakatoka.

Jina nalo lilitaka kutuvuruga. Wanawake wakalimaliza palepale kisimani: Kwemazi, penye maji. Zile nyasi sasa ni soko. Watu wa Kabuku na Misima huleta mahindi, Washambaa huteremka na ndizi. Ugomvi bado upo, sikufichi. Juzi tu mbuzi wao walimaliza kunde zetu. Lakini hatuhami tena, kaka. Msikiti tumeshausimamishia nguzo.

Shangazi Mwaija na mzee Mwinjuma wanakusalimu. Nisalimie shemeji Mwantumu. Mungu awalinde na awafungulie njia ya kuja.

Kiwanja chako nimekifyeka. Ukishuka stesheni ya Korogwe usiulize Kwemkole; huko yamebaki makaburi yetu, nayo tunayapalilia. Uliza Kwemazi.

Ndimi mdogo wako, nikupendaye daima,
Rehani