Kabula na Usaili wa Mafundi Bomba

Migato, 4 Machi 2024

Mdogo wangu Specioza,

Mwangaluka. Huku hatujambo, ila mama goti bado linamsumbua. Watoto wako wazima?

Mamlaka ya maji imebandika tangazo hapa ofisi ya kata. Wanataka vijana wa Simiyu wafundishwe ufundi bomba, kisha waajiriwe. Binti yangu Kabula ameomba, ameitwa usaili hapo Bariadi. Nasikia mkufunzi ni wewe. Basi sina wasiwasi. Umpitishe.

Kaka yako,
Ngeleja

Bariadi, 27 Machi 2024

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Dawa ya kuchua ya mama nimeipakia kwenye basi.

Naandika kwa sababu simu zangu hupokei. Nilipoona jina la Kabula nilimweleza meneja kuwa ni mtoto wa kaka yangu, nikatolewa kwenye usaili wake. Aliyemsimamia ni mwenzangu, Januarius. Kabula aliunganisha mabomba mawili na koki, lakini tepu ya kuzibia maungio aliizungusha kinyume. Maji yalipofunguliwa, yakavuja.

Ningeweza kumwombea apitishwe. Sikumwombea. Hayo mabomba yatafukiwa ardhini, na yakivuja wanaorudi kuchota mtoni ni watu wa kwetu.

Usaili wa pili ni Juni. Kila Jumamosi Januarius anawafungulia karakana waliokosa. Aje, atalala kwangu.

Dada yako,
Specioza

Bariadi, 13 Mei 2024

Kaka,

Shikamoo. Mama anaendeleaje? Sijapata jibu, na Kabula hajaja. Jumamosi saba zimepita. Kukasirika na mimi ni haki yako, ila mtoto asikose nafasi kwa ajili yetu. Kitanda chake kipo.

Dada yako,
Specioza

Migato, 17 Mei 2024

Specioza,

Mwangaluka. Mama sasa anatembea hadi kwa jirani.

Barua hii anakuletea Kabula mwenyewe. Zako mbili nilizificha kwenye boksi la mbegu za pamba, nikamwambia shangazi yake ndiye aliyemwangusha. Jana alizikuta. Hakunipigia kelele. Alisema, "Baba, mimi nilikuwepo. Maji yalivuja, yakanilowesha viatu." Kisha akaanza kufunga begi.

Nimeona aibu mbele ya mtoto wangu. Mpokee. Na mwambie Januarius asimwonee huruma.

Kaka yako,
Ngeleja

Bariadi, 21 Juni 2024

Kaka,

Shikamoo. Hatujambo sote wawili.

Leo amefanya usaili, mimi nikiwa nje ya geti. Januarius alifungua maji, akasubiri robo saa, akapitisha kitambaa kwenye kila kiungo. Kikatoka kikavu. Mwanao amechukuliwa.

Mafunzo yanaanza Jumatatu, miezi sita, na darasani nitakuwa mimi. Mitihani yake atasahihisha Januarius. Kabula ameniomba jambo moja tu: nisimwite mwanangu mbele ya wenzake. Nimekubali, ingawa leo pale getini nilishamwita hivyo, na kwa sauti, watu wote wakasikia.

Dada yako,
Specioza