Gari la Kuuzika

Jumatatu, 19 Januari
Nimefungua duka saa mbili. Mashuka nje, feni imewashwa, wateja hakuna. Baadaye nimemwachia jirani aniangalizie, nikampeleka Baba Nasra hospitali kusafishwa damu. Bajaji tena. Kila shimo la barabara mume wangu anafumba macho. Figo zake zote mbili zimechoka. Wiki hii lazima tununue gari. Kiwanja cha Kigamboni tumeshakiuza, na hatukuwa na akiba nyingine. Nikikosea kuchagua, basi tena.

Jumanne, 20 Januari
Yadi ya magari, Ilala. Jua kali. Baba Nasra kaenda moja kwa moja kwenye gari la Kijerumani, la kijani, viti vya ngozi. Miaka yote ya ukarani bandarini alikuwa akiyaona yakishushwa melini na kuyatamani. Kakaa, kashika usukani, kacheka. Sikumbuki lini alicheka hivyo.

Mimi nikamvuta pembeni dalali wetu, Hamza. Kasema gari ni zuri kweli, shida ni siku ya kuliuza. Spea za kuagiza, mafundi wa kutafuta, wateja wanaliogopa. Kisha akanionyesha la Kijapani, dogo, jeupe, la kawaida kabisa. "Hii mama, ukiitangaza asubuhi, jioni huna gari." Nimelipenda hapo hapo. Baba Nasra alikuwa anatusikiliza.

Jumatano, 21 Januari
Kaniuliza tukiwa mezani. "Mama Nasra, gari hatujanunua, we unawaza kuuza. Tunaiuza lini?"

Nikasema siku yoyote, biashara ni biashara. Uongo mtupu. Nawaza siku ambayo yeye hayupo. Nasra yuko kidato cha tatu, kodi ya fremu ya duka inadaiwa ya mwaka mzima, na mimi niko na gari la kijani lisilo na mnunuzi. Nimempigia hesabu ya kifo mtu aliye mbele yangu anakula wali. Naona aibu. Pia nina hasira naye. Kwa nini mawazo haya kaniachia mimi peke yangu?

Alhamisi, 22 Januari
Hospitali. Nikimpa maji anapokea, anashukuru kama anamshukuru nesi. Najua kwamba anajua.

Nimeshindwa. Achukue la kijani. Afurahi. Nikibaki nalo limeegeshwa nje mpaka linaoza, nitalifuta vumbi hivyo hivyo. Nitamwambia kesho akitoka msikitini.

Ijumaa, 23 Januari
Sikumwahi. Kanipigia simu dukani, kasema niende yadi na kitambulisho changu. Nimepanda bodaboda.

Nimemkuta kwenye benchi na Hamza, jasho linamtoka. Mbele yao gari jeupe. Nikasema hapana, tunachukua la kijani, nimebadili mawazo. Akatikisa kichwa. Akamwambia Hamza kadi ya gari iandikwe jina langu. Nikauliza kwa nini, gari ni lake, kiwanja kilikuwa chake.

"Ikiwa na jina langu hutaiuza mpaka mirathi iishe," kasema taratibu. "Na ndugu zangu unawajua."

Mimi niliwaza rangi na spea. Yeye kawaza mpaka mahakamani. Nimelia mbele ya watu wa yadi, nao wakajifanya wanafuta vioo. Hamza kaomba tahajia ya jina la babu yangu.

Jumapili, 25 Januari
Kumetulia. Kariakoo kwetu leo watu wachache. Baba Nasra kaendesha mwenyewe, polepole, hadi Magogoni tukaangalia kivuko kikiondoka, halafu tukarudi. Hakufumba macho hata mara moja.

Nikiwa nafuta vumbi kwenye boneti mbele ya duka letu, mwenye duka la vyombo kavuka barabara. Kalizunguka gari, kachungulia ndani, kauliza tunaliuza shilingi ngapi, yeye ana pesa taslimu. Hamza hakudanganya.

Nikamwambia haliuzwi. Nimemjibu kwa ukali ambao hakustahili, kesho nitamwomba radhi. Baba Nasra hakusikia. Alikuwa amelala kiti cha mbele, mlango wazi, viatu kavua.