Tarakimu za Revocatus

Mirongo, Mwanza
Jumamosi, 14 Novemba 1998

Mdogo wangu Getruda,

Leo nimetimiza miaka thelathini na tisa, mwezi mmoja na siku tatu tangu nilipopanda mashua hapo Bwisya na sanduku langu la bati, wewe ukiwa umeshika kamba ya mbuzi na kukataa kuniaga. Shikamoo uliyoniandikia mwezi jana niliiitikia kwa sauti, peke yangu chumbani: marahaba. Miguu inaendeleaje? Uvimbe umepungua, au bado unatembea kwa kushika ukuta? Mimi sina ugonjwa ila macho. Kitabu nakisomea dirishani, na jua likizama nakifunga.

Barua hii amekuletea Odeta, mke wa jirani yangu, anayekwenda kwao Nansio na aliyekubali kufika hadi kwako ili kumfikisha mwanao. Kwa hiyo Revocatus yupo hapo nyumbani. Mpe maji, mkalishe mahali unapomwona, kisha usome mwenyewe. Usimpe katekista akusomee.

Uliniomba mambo mawili: Revocatus arudi ashike mashua ya marehemu baba yake, na mimi nije naye, kwa kuwa nimestaafu na miti minne niliyorithi kwa baba bado unailinda isikatwe. Mwanao nimekurudishia. Mashua usimpe. Sababu ndiyo hii.

Unajua lile lori la kiwanda cha samaki alikofanya kazi lilivyopinduka naye mwezi wa pili, na kwamba alilala siku kumi na tisa bila fahamu. Alipozinduka, Kiswahili kilikuwa kimemtoka. Alielewa kidogo, lakini aliongea Kikara chetu cha kisiwani tu. Wauguzi walimbatiza jina la Bwana Kisiwa, na mimi, niliyekuwa mkalimani wa mahakama miaka ishirini na sita, wakaniita Mheshimiwa, wakisema leo nimepata kesi ya bure.

Ya zamani aliyakumbuka yote. Alitaja miti ya babu yake mmoja mmoja na aliyerithi kila mti. Lakini ukimtuma chumvi na kiberiti, hurudi mikono mitupu na kukuuliza unataka nini. Daktari mmoja mgeni alinieleza kuwa kilichoumia ni ile nguvu ya kushikilia jambo kichwani wakati unalifanyia kazi. Alikuwa amekuja na kompyuta yenye mazoezi ya nguvu hiyo. Namba huonekana kwenye kioo moja baada ya nyingine, hupotea, na mgonjwa huzitaja kuanzia ya mwisho. Akipatia, mashine humwongezea namba moja, akikosea, humpunguzia. Daktari alisema zoezi linafaa pale tu linapomlemea mtu kidogo, kwa kipimo chake mwenyewe. Hakuahidi kwamba litamponya. Alisema vikao ni ishirini na tano, lakini ikifika cha nane bila dalili yoyote, nafasi atapewa mwingine.

Basi Revocatus alitaja kwa Kikara, mimi nikatafsiri, na muuguzi Hellen akabonyeza.

Siku saba alishindwa namba tatu. Alipatia mbili, na si kila mara. Hellen alimtania kwamba akifika tano atamtafutia mchumba Mabatini, naye akacheka bila kujua anachochekea. Jioni ya siku ya saba nilikutazama kwenye ile picha ya ubatizo wake, na nikajua kesho watamtoa.

Getruda, siku ya nane kioo kilionyesha tatu, tisa, sita. Mwanao akasema sita, kisha akasema tena sita. Mimi nikatafsiri: sita, tisa, tatu.

Hellen akapiga makofi. Daktari akamshika mkono. Revocatus aliniangalia kwa furaha kubwa, kama alivyokuwa akituangalia utotoni tukimsifia jambo.

Niliapa moyoni kuwa ni mara moja tu. Lakini kesho yake mashine ilianzia tatu, na asingeziweza, na wangejua. Nikatafsiri tena. Ikapanda nne, ikapanda tano. Yeye alitaja chochote kilichomjia, na mimi nilitaja nilichokiona. Mle chumbani hakuna mwingine aliyejua Kikara. Mahakamani sikuwahi kumwongezea mshtakiwa hata neno moja, wengine wakafungwa kwa maneno yao nikiyatafsiri bila kupepesa.

Siku moja, tulipokuwa kwenye namba sita, alinigeukia akaniuliza kwa Kikara mbona yeye anasema chache na mimi nasema nyingi. Hellen akataka kujua amesema nini. Nikamwambia anasema amechoka. Na mwanao nikamwambia ndivyo Kiswahili kilivyo, kina maneno mengi. Akakubali, kwa sababu ni mimi niliyesema.

Tulifika saba, nane ikatushinda. Daktari alisema kwa mtu aliyeumia vile ni jambo la kumshukuru Mungu. Na nitakuambia jambo baya kuliko yote: nilijivuna. Miaka sitini na miwili, nikajiona bado ninazo namba saba. Ile karatasi yenye mstari unaopanda niliyokutumia mwezi wa saba, ukanijibu kuwa umeibandika ukutani, inaonyesha kichwa changu. Cha mwanao kimo kwenye vikao saba vya mwanzo tu. Vikao kumi na nane vilivyobaki alikaa mbele ya kazi isiyo kipimo chake, dawa ikapita pembeni yake kila siku.

Daktari aliondoka mwezi wa nane pamoja na mashine yake. Kwa cheti cha maendeleo, kiwanda kilimrudisha Revocatus kazini. Siku ya tatu alitoka na hakuonekana. Tulimpata siku mbili baadaye stendi ya Nyegezi, hana viatu, akiuliza abiria kwa Kikara mashua inaondoka saa ngapi. Nilikwenda hospitali nikakiri. Waliniambia kwa upole kwamba miezi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa na nafasi, na mwaka huu hawana kifaa kingine. Kama angesaidika au la, hatutajua kamwe. Hilo pia nimekunyima.

Usimtume vitu viwili kwa pamoja. Usimwache na moto, wala ufukweni peke yake. Ule mkono utakaomwona akiushika kila mara hauumi. Ni mazoea tu. Na ile karatasi ichane.

Nisalimie Teodora na wanawe, na wote wanaoniulizia kanisani. Miti yangu minne mwandikie Revocatus, mbele ya mashahidi. Ungekaa nami uani, ungelazimika kunipa kiti cha kaka mkubwa na kusubiri nizungumze, na mwanao angeamini kila ninachosema.

Sitarudi.

Kaka yako,
Anatoli